Rafu za supamaketi zikiwa tupu: jinsi ya kupanga stoo ya chakula Arusha na Moshi

Kila sukari inapoadimika, maswali ni yale yale. Ninunue kilo ngapi? Maharage mengi si yatabunguliwa? Dona inakaa muda gani? Wengi wanaouliza wameanza kujitegemea juzi juzi, wamepanga chumba na sebule Sakina, Njiro, Pasua au Soweto, na nyumbani kwao kazi ya stoo ilikuwa ya mama au bibi. Nawajibu wote hapa kwa pamoja.

Kabla ya hatua zenyewe, jambo moja nalisisitiza: stoo ya huku kwetu haijazwi supamaketi, na haijazwi siku ya taharuki. Inajazwa sokoni na kwenye maduka ya jumla, wakati wa mavuno, kidogo kidogo. Bidhaa nyingi za supamaketi zinatoka mbali, ama Dar es Salaam, ama ng'ambo ya mpaka kupitia Namanga na Holili. Mei 2020 malori yalipanga foleni Namanga madereva wakisubiri vipimo vya korona, na bidhaa zilizokuwa ndani yake zikasubiri nao. Lakini mahindi, maharage, mchele, vitunguu na ndizi vinalimwa hapa hapa. Mwenye stoo ya vitu hivyo anaweza kukosa siagi na nafaka za pakiti za watoto, ila halali njaa.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Ndoo za lita 10 au 20 zenye mfuniko unaobana, zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula. Ndoo ya rangi usiitumie hata ukiisugua vipi.
- Chupa za maji za lita 1.5 na madumu ya lita 5, vilivyooshwa na kukauka kabisa ndani.
- Mfuko mmoja au miwili ya PICS, ile ya tabaka tatu, kama utanunua nafaka kwa gunia. Inauzwa kwenye maduka ya pembejeo.
- Chaga za mbao au matofali na ubao wa kuinulia mizigo.
- Turubai safi la kuanikia, ungo na chekeche.
- Maka peni, seloteipu na daftari dogo.
- Mizani ndogo, ukiweza.

Friza si lazima. Ikiwepo itakusaidia kwenye hatua ya 7, lakini usiifanye tegemeo la stoo yako, maana umeme ukikatika siku mbili unapoteza vyote kwa pamoja.

Hatua ya 1: Pima unachokula

Usinunue chochote kwanza. Kwa mwezi mmoja, kila unapofungua mfuko wa unga, sukari, mchele au dumu la mafuta, andika tarehe juu yake. Ukiisha, andika tarehe nyingine kwenye daftari. Kama kilo moja ya sukari inamalizika kwa siku tano, nyumba yako inakula kilo sita kwa mwezi. Ukitaka akiba ya miezi miwili, ni kilo kumi na mbili. Hesabu ni hiyo tu.

Wanaoruka hatua hii ndio wanaojikuta na kilo thelathini za ngano wakati nyumbani chapati zinapikwa Jumapili kwa Jumapili. Na kitu ambacho familia haili, usikiweke stoo kwa kuwa umesikia kinakaa muda mrefu.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Panatakiwa pakavu, pawe na giza kiasi, na hewa ipite. Mbali na jiko, mbali na dirisha la jua la mchana, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Kwa aliyepanga chumba kimoja, chini ya kitanda panatosha ukiinua ndoo kwa chaga. Magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Acha nafasi ya kupitisha kiganja, ili unyevu usipande na uweze kuona kama panya amepita.

Hapa Arusha na Moshi zinatofautiana. Moshi mjini ni joto, na kwenye joto fukusi wanazaliana haraka na mafuta yanaharibika mapema. Arusha iko juu zaidi, baridi ya Juni na Julai ina unyevu, kwa hiyo adui mkubwa ni ukungu. Wa Moshi akazanie kufunga vyombo visiingize hewa. Wa Arusha akazanie kukausha.

Hatua ya 3: Anza na vitu saba

Mahindi au unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, chumvi, vitunguu. Basi. Kila unapopata hela ya mwezi ongeza kimoja au viwili juu ya matumizi ya kawaida. Dagaa, karanga, majani ya chai, nyanya za kopo, maziwa ya pakiti yanayokaa bila friji na sabuni vitafuata baadaye. Akiba ya miezi miwili inafikika ndani ya nusu mwaka bila kukopa, na usikope kwa ajili hii.

Hatua ya 4: Nunua kwa majira

Hapa ndipo pesa inapookolewa, kwa hiyo usome polepole.

Mahindi na maharage ya masika yanaingia sokoni kwa wingi kati ya Juni na Agosti. Bei hushuka, halafu kuanzia Desemba inapanda, na Machi na Aprili ndiyo miezi migumu. Nunua Julai au Agosti. Usikimbilie mzigo wa kwanza kabisa, kwa sababu mara nyingi haujakauka. Subiri wiki mbili tatu. Kwa Arusha nenda Kilombero, au Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi. Kwa Moshi ni Mbuyuni.

Mchele wa Magugu ndio unaosifiwa Arusha kwa harufu yake. Moshi kuna wa Mabogini, Chekereni na Kahe. Nao ununue baada ya mavuno. Vitunguu vya Mang'ola vitafute vilivyokauka shingo, vyenye maganda yanayolia ukivishika.

Sukari ina kalenda yake. Viwanda husimama kipindi cha mvua za masika kwa sababu miwa haiwezi kuvunwa kwenye tope, na muda huo hutumika kufanyia mitambo matengenezo. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi, mahitaji yanapanda wakati uzalishaji unaelekea kusimama. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño ziliharibu uvunaji kabla hata ya masika, kilo ikauzwa shilingi 4,000 na zaidi sehemu nyingi, ilhali bei elekezi ya Bodi ya Sukari haikuzidi 3,200. Kukaa jirani na kiwanda cha TPC pale Arusha Chini hakukuwapunguzia watu wa Moshi makali. Kwa hiyo akiba yako ya sukari iwe imekamilika kufikia mwisho wa Novemba.

Kwa nini Novemba na si Desemba? Kwa sababu Desemba Wachagga wanarudi nyumbani. Magari yanajaa barabara ya Himo, Marangu na Rombo, na kila familia inataka mchele, mafuta, sukari na soda kwa wakati mmoja. Moshi kuanzia tarehe 15 Desemba si mahali pa kujazia stoo.

Mafuta ya kula hayana msimu wa namna hiyo. Bei yake inafuata mambo ya mbali pia: mwaka 2022 Indonesia ilipozuia kwa wiki kadhaa kuuza mawese nje, soko la dunia zima lilitikisika. Weka dumu moja la lita 5 au 10 la akiba, siku zote. Zaidi ya hapo yatakaa mno.

Hatua ya 5: Kagua kabla hujalipa

Usiangalie juu ya gunia. Ingiza mkono mpaka kiwiko, toa kiganja kutoka katikati. Kama unga unabaki kwenye vidole, kuna fukusi wanakula humo ndani. Kwenye maharage tafuta vitundu vya duara na vidoti vyeupe vilivyoganda kwenye ganda. Vidoti hivyo ni mayai, na gunia linaloonekana safi leo litakuwa linatembea baada ya miezi miwili. Ng'ata punje. Iliyokauka inapasuka kwa mlio, mbichi inabonyea.

Mchele tafuna punje chache. Mchele mpya hunukia lakini unashikana ukipikwa, wa zamani kidogo unachambuka na unakunywa maji zaidi. Kwa akiba chukua ule wenye punje nzima. Chenga nyingi huvutia wadudu haraka.

Mahindi yenye ukungu wa kijani au njano, punje zilizosinyaa au zilizobadilika rangi, usiyachukue hata ukipunguziwa bei. Hiyo ni hatari ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu mikoa ya Dodoma na Manyara, na sehemu ya mahindi tunayokula huku hutoka huko huko. Sumu hii haiishi kwa kuchemsha wala kwa kusaga.

Nunua kwa kilo inapowezekana. Kisado, kopo la kupimia, kinaweza kuwa kimebondwa chini, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ni hasara ya mkulima aliyeko nyuma yake.

Hatua ya 6: Kausha, kisha pima kwa chumvi

Anika juu ya turubai, kamwe usianike ardhini, na ugeuze mara kwa mara. Ingiza ndani kabla umande haujaanza. Halafu fanya kipimo hiki:

1. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, iwe kavu kabisa.
2. Jaza mahindi robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vikubwa vya chumvi iliyoanikwa ikakauka.
3. Funga, tikisa kwa nguvu dakika mbili au tatu, kisha iache itulie dakika kumi na tano.
4. Angalia kuta za chupa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi, rudisha juani. Ikidondoka yote chini, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15.

Kwa kuhifadhi kwenye chombo kisichoingiza hewa inatakiwa asilimia 13 hivi, kwa hiyo hata ukifaulu, ongeza siku moja ya jua kali. Kufunga nafaka mbichi kwenye chombo kisichopitisha hewa ni kosa baya kuliko kuiacha wazi. Itavunda yote.

Hatua ya 7: Fungasha

Fukusi anahitaji hewa. Ukimnyima anakufa, yeye na mayai yake, bila dawa. Ndiyo maana mfuko wa PICS unafanya kazi. Kwanza pulizia hewa kila mfuko wa ndani na ukandamize, usikilize kama unavuja. Ingiza mmoja ndani ya mwingine, yote miwili ndani ya ule wa kusokotwa. Jaza nafaka ukitikisa ishuke, ubakize mdomo wa kutosha. Finya hewa itoke, usokote mdomo wa mfuko wa kwanza, ukunje, ufunge kwa kamba. Halafu wa pili peke yake. Halafu wa nje. Usifungue kwa mwezi wa kwanza, maana kila ukifungua unawarudishia hewa.

Kwa familia ndogo, chupa za lita 1.5 zinatosha na mimi ndizo ninazozipenda kwa maharage. Jaza mpaka shingoni, gonga chupa mezani yashuke, ongeza tena mpaka pasibaki nafasi, kaza mfuniko. Ukitaka kupika unafungua chupa moja, zingine zinabaki zimefungwa.

Mchele na ngano: ukiwa na friza, weka kwa siku nne ndani ya mfuko uliofungwa, utoe, uache urudi kwenye joto la chumba kabla ya kuufungua, ndipo umimine kwenye ndoo. Ukifungua ungali na baridi, unyevu wa hewa utaganda kwenye chakula.

Unga wa mahindi usihifadhi mwingi. Dona ina kiini cha mahindi, na kiini kina mafuta. Baada ya mwezi hivi inaanza kuwa chungu, Moshi hata mapema. Sembe inavumilia miezi kadhaa. Hifadhi mahindi, usagishe ya mwezi mmoja mmoja.

Mafuta yakae gizani. Dumu linalopitisha mwanga likikaa dirishani linaharibu mafuta hata kama hujalifungua. Sukari na chumvi funga tu zisipate unyevu na sisimizi. Vitunguu vining'inize kwenye wavu penye hewa, mbali na viazi mviringo, maana vikikaa pamoja vinaharibiana. Viazi vikae gizani. Kilichogeuka kijani kina sumu.

*Onyo:* usitumie vidonge vya kufukizia maghala ndani ya nyumba. Gesi yake inaua watu waliolala chumba cha pili. Na dawa ya unga ya nafaka, kama umeamua kuitumia, ifuate maelezo ya kwenye pakiti kuhusu kipimo na muda wa kusubiri kabla ya kula.

Hatua ya 8: Andika, na ule cha zamani kwanza

Seloteipu na maka peni: jina la kitu, mwezi, mwaka. Kipya kinakwenda nyuma, cha zamani kinakuja mbele. Kila ukitoa chupa moja, iandike kwenye orodha ya kununua. Ijumaa au Jumamosi moja kwa mwezi fungua kabati lote, pangusa, angalia makopo. Kopo lililovimba au linalovuja linatupwa bila kuonjwa.

Hatua ya 9: Jua mbadala wa kila kitu

Andika kwenye ukurasa mmoja: hiki kikikosekana, tunapika nini. Mchele ukipanda bei, kuna makande, na kwa Arusha loshoro (mahindi na maziwa mgando) kwa wanaopata maziwa hayo. Mkate ukikosekana asubuhi, kuna magimbi, viazi vitamu, ndizi za kuchemsha. Mafuta yakiwa haba, kiburu (ndizi na maharage) na mtori havihitaji mengi, na karanga zilizosagwa zinaunga mboga vizuri. Sukari ikikosekana, ndizi mbivu iliyopondwa inatosha kwenye uji wa watoto. Mapishi haya yalilisha huku kabla supamaketi haijafika, na ni chakula kizuri, si cha shida.

Hatua ya 10: Siku bidhaa imeadimika kweli

Usitoke nyumbani kabla hujafungua daftari. Ukiona una akiba ya wiki sita, siku hiyo huna haja ya kwenda kusukumana. Ukihitaji, anza kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani kwako. Ukiwa mteja wake wa kila siku atakuambia mzigo unaingia lini. Kisha duka la jumla, mkichanga majirani wawili watatu kununua mfuko mmoja na kugawana. Usinunue kwa bei ya mara mbili ili ujaze stoo, nunua ya wiki tu. Anayebeba viroba vitano siku hiyo anamnyima mama mwenye hela ya nusu kilo.

Nje ya chakula, weka mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wa akiba, lakini usiuweke ndani ya stoo iliyofungwa. Ukae wima, penye hewa, mbali na moto. Maji ya kunywa ya siku tatu yawe kwenye madumu safi, ubadilishe kila baada ya wiki chache.

Ukikwama

*Nimeona fukusi kwenye ndoo ya mchele.* Toa mchele wote, anika kwenye turubai juani kwa muda mfupi, pepeta, weka friza kama ipo, kisha ule huo kwanza. Osha ndoo, ikauke, ukague vyombo vya jirani. Jua kali la muda mrefu litaufanya mchele ukatike, kwa hiyo usiuache siku nzima.

*Mfuko wa PICS umetobolewa na panya.* Tobo dogo kwenye mfuko wa nje halina shida. Likifika wa ndani, ziba kwa seloteipu pana pande zote mbili kama nafaka bado safi, na upange kuitumia mapema. Ondoa kilichomleta panya, mara nyingi ni makombo yaliyomwagika chini.

*Mahindi yana harufu ya ukungu.* Usichague yaliyo mazuri ukala, usisagishe, na usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa. Yafukie.

*Sukari imeganda.* Haijaharibika. Igonge ndani ya mfuko au iache juani kidogo.

*Unga una harufu nzuri ila ugali una uchungu.* Dona imepita muda wake. Usiuchanganye na mpya ili kuficha ladha.

*Maharage ya akiba hayaivi.* Yaliyokaa kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, na Arusha maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo yanachelewa zaidi. Usikimbilie magadi, ya ukanda huu yana floraidi, na maji ya Arusha tayari yanayo nyingi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa dakika kumi, zima moto, funika saa moja, kisha endelea kupika na usitie chumvi wala nyanya mpaka yalainike.